Upenyezaji wa Protini, na Ufikishaji Wake

Mwaka 1988 maabara mbili za Marekani ziligundua, kila moja kivyake, kwamba Tat, protini ya virusi vya UKIMWI, ikitiwa kwenye kimiminika zinamokuzwa seli, huingia ndani na kuanza kazi. Ilikuwa ajabu, kwani utando wa seli ni wa mafuta na protini kubwa kwa kawaida haiupiti. Siri ilikuja kuonekana katika kipande kifupi cha Tat chenye chaji chanya nyingi. Mwaka 1999 Steven Dowdy na wenzake walikiunganisha kipande hicho na kimeng'enya kikubwa, wakawadunga panya tumboni. Kimeng'enya kikaonekana kufanya kazi hadi kwenye ubongo.

Wataalamu huiita mbinu hii transdaksheni ya protini. Silipendi neno hilo. Tangu 1952 linataja virusi vinavyohamisha DNA kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na hapa hakuna virusi wala DNA inayohamishwa. Afadhali tuseme upenyezaji: kinachopenya hujipitisha chenyewe, lakini kinachopenyezwa kina mtu nyuma yake, na mara nyingi kuna ulinzi wa kukwepa. Wafanya magendo wanalielewa vizuri.

Lakini kupenyeza si kufikisha. Mwaka 2003 kundi la Bernard Lebleu, Montpellier, Ufaransa, lilionyesha kuwa dawa za kuhifadhi seli kabla ya kuzitazama kwa darubini zilikuwa zikiwadanganya watafiti: peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iliyonata juu ya utando ilionekana imeenea ndani. Katika seli hai, nyingi ilikuwa imemezwa na kufungiwa ndani ya vifuko viitwavyo endosomu, ambako kinachokwama huishia kumeng'enywa.

Kwa hiyo napendekeza neno ufikishaji litengewe protini iliyotoka kwenye kifuko ikiwa bado nzima. Kipimo kipo. Kimeng'enya Cre hukata DNA katika kiini, na seli zilizoandaliwa kwa jaribio hilo huanza kung'aa pale tu kinapofika huko. Mwaka 2004 maabara ya Dowdy ilikitumia, ikaongeza peptidi ya virusi vya mafua inayovuruga utando wa endosomu, na Cre nyingi zaidi ikafika. Mwaka 2015 kundi la David Liu, Marekani, lilitumia lipidi zenye chaji chanya kufikisha Cas9, kimeng'enya cha kukata DNA, katika seli za sikio la ndani la panya. Protini hiyo haikai sana kabla ya kuvunjwa, hivyo hupata nafasi ndogo ya kukata DNA pasipotakiwa.