Mshipa wa Fahamu au Neva? Mazingatio Kutoka Mkoa wa Mara

Katika makala haya tunakusudia kuipima istilahi moja ya tiba, mshipa wa fahamu, kwa tukio la mkoani Mara la mwaka 1985. Mwaka huo, katika wilaya ya Tarime, watu wengi, hasa watoto na wanawake, walikakamaa miguu ghafla. Uchunguzi wa madaktari, uliochapishwa mwaka 1990, ulieleza kuwa maradhi hayo ni konzo.

Chanzo chake kilikuwa chunguni. Katika vijiji vya Bunda, Butiama na Musoma, kama huko Tarime, muhogo ni chakula cha kila siku. Ule mchungu hulowekwa au kuvundikwa, kisha huanikwa, hata juu ya majabali, ili uishe sumu ya sianidi. Ukame huizidisha sumu hiyo, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa. Mwili huipunguza nguvu sumu hiyo kwa salfa itokanayo na vyakula vya protini. Asiyevipata hudhurika zaidi.

Sasa tuje kwenye lugha. Mshipa ni neno pana mno: ni njia ya damu, ni kano, hata ngiri huitwa mshipa. Waliotangulia walipoongeza “wa fahamu” walifanya kazi njema, kwani walikitenga kile kipelekacho habari ubongoni. Lakini mfumo huu una safari mbili. Moja hupanda: kidole kikiguswa na moto, habari huingia katika ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, ikapanda hadi ubongoni. Nyingine hushuka: ubongo hutoa amri, seli za neva za juu huifikisha kwenye ugwe, na seli za chini huipokea na kuipeleka kwenye misuli. Safari hii ya pili haimo kabisa katika neno fahamu.

Konzo huharibu seli za juu za njia hiyo ishukayo. Mgonjwa huhisi aguswapo, na fahamu zake anazo, ila miguu hubaki imekakamaa maisha yake yote. Tukiandika katika kijitabu cha afya kwamba “mishipa yake ya fahamu imeharibika,” mzazi anaweza kudhani mtoto amepotewa na akili, akamwachisha shule.

Kupooza nako hakutoshi. Polio huua seli za chini, mguu ukalegea na kukonda, konzo huukaza. Mwalimu akiyaita yote mawili kupooza, wanafunzi watangoja chanjo ya maradhi ambayo kinga yake ni kuuloweka muhogo siku za kutosha.

Kwa maoni yetu, neva litumike kwa mfumo mzima, mshipa wa fahamu libakie pale panapozungumzwa hisia, na kwa konzo tuseme kukakamaa. Wapo wanaolikataa neva kwa kuwa limetoka Kiingereza. Basi na fahamu wakalirudishe Uarabuni.

Neno konzo lenyewe tungelipokea lilivyo. Limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na daktari Trolli aliyaeleza maradhi hayo kwa jina hilo mwaka 1938. Kwa Wayaka maana yake ni miguu iliyofungwa.