Sikio la Santuri: Historia Fupi ya Vyombo vya Sauti Majumbani Mwetu

Watu wanaoandika juu ya utamaduni wetu wamezoea kuanza na ngoma, mavazi, hadithi na mapishi, wala si vibaya, kwani hayo ndiyo mambo mama. Lakini kuna vitu vingine vilivyoingia majumbani mwetu katika muda wa miaka mia moja hivi iliyopita, vikawekwa juu ya meza ndogo na kufunikwa kitambaa cha kufuma, vikahesabiwa kuwa anasa, na mpaka leo havijaandikiwa historia inayovistahili. Nasema juu ya santuri, redio na kinasa sauti cha kanda. Mimi ni mshairi kwa mapenzi na karani wa serikali kwa riziki, na kwa miaka mingi saa zangu za mapumziko nimezitumia kuvikusanya vyombo hivi, kuvifungua, kuvipangusa na kuvisikiliza. Nimeona kwamba vimegawanyika mafungu mawili. Vipo vinavyosema tu, na vipo vinavyosema na kusikia pia. Na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua ni sauti za nani zilizobaki na za nani zilizopotea.

Yafaa tuanzie vilikotoka. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine yenye mzinga uliovikwa karatasi ya bati. Mtu alisema mbele yake huku akiuzungusha mzinga kwa mkono, na sindano ikaichora mitetemo ya sauti katika bati; mzinga uliporudishwa mwanzo, sindano ilipita katika mchoro ule ule na mashine ikayarudia maneno. Mashine ya kwanza kabisa, basi, ilikuwa na kinywa na sikio pamoja. Miaka 10 baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alibuni sahani bapa badala ya mzinga. Sahani ilikuwa na faida kubwa kwa mfanyabiashara, kwa sababu kutokana na chapa moja ziliweza kugandamizwa sahani nyingi zilizo sawa. Biashara ikaifuata sahani, na mzinga ukafa. Lakini aliyenunua sahani hakuweza kuandika sauti yake mwenyewe juu yake. Alikuwa amenunua kinywa bila sikio. Mashine hiyo ndiyo iliyotufikia sisi, ikaitwa santuri au gramafoni, na wazee wengine waliiita kinanda.

Jina linalotajwa kwanza katika habari za santuri kwetu ni la Siti binti Saad, na ni haki yake. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, ili nyimbo zao zinaswe katika sahani. Shaaban Robert ameyaandika maisha yake katika kitabu kizima, nami sina la kuongeza hapo. Ninalotaka kulionyesha ni jambo ambalo mtunga mashairi huliona upesi kuliko mwingine. Sahani ya inchi 10, ikizunguka mara 78 kwa dakika, huchukua dakika 3 na kidogo tu kwa upande mmoja. Wimbo wa taarabu katika usiku wa harusi haukujua kipimo hicho. Ulianza kwa ala peke yake, ukaingia mshororo, mshororo ukarudiwa, mtu akasimama kutoa tuzo, mwimbaji akaurudia tena kwa ajili yake, na beti tano au sita zikaweza kumaliza sehemu nzima ya usiku. Mbele ya mashine ya kunasia, wimbo huo ilibidi ukatwe au ugawanywe pande mbili za sahani. Marudio yakapungua, utangulizi wa ala ukafupizwa, na beti ambazo hazikuenea zikaachwa. Mtu anayezisikiliza leo sahani zile na kudhani kwamba ndivyo taarabu ilivyoimbwa, atakuwa amekiona kivuli akadhani ni mtu.

Sitaki kuibeza santuri, hata hivyo. Sahani zake zilitengenezwa kwa lakiri iliyochanganywa na unga wa mawe, lakiri ambayo ni ndugu yake ile tuliyokuwa tukifungia bahasha za siri maofisini, na ambayo hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti ya India na nchi jirani zake. Ilivunjika kwa kuanguka mara moja, na sindano ya chuma ililazimu kubadilishwa mara kwa mara isije ikaikwaruza. Pamoja na udhaifu wote huo, santuri ilikuwa na tabia moja njema: haikuhitaji umeme wala betri, ila kamani iliyotiwa nguvu kwa mkono. Na kwa kuwa wenye nacho walikuwa wachache, haikuwa ya mtu mmoja. Ilipigwa katika migahawa ya kahawa na barazani, wakasikiliza waliokuwa na senti na wasiokuwa nazo. Nyimbo za Siti zilikuwa kwa Kiswahili cha watu, zikaeleza hata habari za kesi na dhuluma za mjini, hivyo zilipolia santuri watu hawakustarehe tu, walibishana pia.

Redio ilikuja kwa mlango mwingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Redio za kwanza zilikuwa masanduku mazito yenye taa za kioo ndani, yakila umeme au betri kubwa za ghali. Kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, mwaka 1949 ilitolewa redio ya bei ya pauni 5 iliyowekwa ndani ya kasha la umbo la sufuria, nayo ikaitwa kwa jina la sufuria, ili Mwafrika aweze kuimudu. Kilichoibadili hali hasa ni transista, ambayo ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuanza kutiwa katika redio ndogo za kuuzwa madukani mwaka 1954. Transista ilikula umeme kidogo sana. Katika miaka ya 1960 na 1970 redio ya betri za kawaida ilifika hata mahali ambapo gari halikufika, na betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zitoe pumzi yao ya mwisho.

Wale wenye umri wangu watazikumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyeweza kuzipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na sidhani kwamba kuna mpigaji mwingine aliyesikika kila siku katika nyumba nyingi za nchi hii kama yeye. Watakumbuka pia Mama na Mwana, na vituko vya Pwagu na Pwaguzi. Mwaka 1973 redio ilitumika katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kilichoambatana nacho, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sijui chombo kingine cha nyumbani kilichowahi kutoa jasho la namna hiyo.

Je, redio ilikuwa na sikio? Naam, lakini sikio hilo lilikuwa mbali, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Kama bendi ya muziki wa dansi ilitaka kusikika, iliingia studio huko. Kama mshairi wa Kilwa au Ujiji alitaka shairi lake lisomwe, aliliandika, akalitia stempu, akangoja. Mafundi wa redio walisafiri mikoani wakanasa ngoma na nyimbo, na kwa hilo twawashukuru, kwani mikanda yao ni hazina ya taifa. Lakini gari lao lilipita mara moja na kuondoka. Bibi aliyekuwa shambani siku ile hakunaswa. Na ndani ya nyumba zenyewe redio ilikuwa ya baba: ilikaa kwa baba, ikafunguliwa na baba, na mama akaisikia kutoka jikoni.

Juu ya televisheni sitasema mengi. Unguja iliipata, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikangoja hadi mwaka 1994. Ilikusanya watoto wa mtaa mzima madirishani kwa mwenye nayo, kisha kila nyumba ikapata yake na madirisha yakafungwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2012, mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, hata mwenye televisheni ilimbidi atafute kingamuzi. Ni chombo cha kinywa kikubwa, na zaidi ya hapo sina hamu nacho.

Chombo ninachokipenda ni kanda. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963: kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake utepe wenye upana usiotimia milimita 4, uliopakwa unga wa madini ya chuma na kwenda mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Sumaku huupanga unga ule kwa kufuata sauti, na sumaku hiyo hiyo huweza kuupanga upya. Kanda ya dakika 60 ilichukua dakika 30 kila upande, yaani mara nane au tisa ya sahani ya Siti. Na redio kaseti zilipofika, zilikuja na kitufe chekundu. Mtu alikibonyeza pamoja na kile cha kupigia, akainyamazisha nyumba, akasema. Sikio ambalo sahani ya Berliner ililing'oa lilikuwa limerudi, safari hii chumbani kwa mtu wa kawaida.

Nyumba zilinasa nini? Zilinasa maulidi, harusi, mawaidha, mpira uliotangazwa redioni, hadithi za bibi. Vijana waliokwenda Maskati na Dubai kutafuta maisha waliwapelekea wazazi wao kanda badala ya barua, na mama asiyejua kusoma hakuhitaji tena kumwita mtoto wa jirani amsomee siri za mwanawe. Jambo hili peke yake lilikuwa ni uhuru, nami nashangaa kwamba halijatungiwa utenzi. Kwa upande mwingine, vibanda vya kunakili kanda vilijaa mijini, na mwanamuziki akausikia wimbo wake ukiuzwa kila kona asipate hata thumni. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja wakati madhara yalikwisha kuenea.

Lakini kwa sisi washairi, faida ya kanda ilikuwa kubwa kupita zote. Shairi la Kiswahili lina vina na mizani, nalo pia lina mahadhi, ambayo ni njia yake ya kuimbwa. Magazeti yetu yamechapa mashairi kwa miaka mingi, na gazeti huhifadhi vina na mizani bila hitilafu, ila mahadhi haliwezi. Mtunzi akifa, beti hubaki kama nguo iliyotundikwa ukutani: kipimo cha mwenyewe kinaonekana, mwendo wake hauonekani. Kanda ilihifadhi mwendo. Wazee waliosoma tenzi ndefu kwa sauti zao, kila mmoja kwa mahadhi ya mji wake, walinaswa na watoto na wajukuu zao bila kuombwa na taasisi yoyote, na naamini kwamba kanda hizo, zikijumlishwa zote zilizomo makabatini kuanzia Lamu hadi Kilwa, zinashinda nyaraka nyingi tunazojivunia.

Hatari yake ni ndogo kwa umbo. Nyuma ya kila kanda mna vijino viwili vya plastiki. Vikivunjwa, mashine hukataa kunasa juu yake. Vikiachwa, mtu yeyote aweza kuifuta. Kanda za madukani, zenye nyimbo za bendi, zilikuja vijino vikiwa vimekwisha vunjwa. Kanda za nyumbani, zenye sauti ya babu, ziliachwa navyo, maana ni nani aliyewaeleza watu? Siku kijana alipotaka kunasa dansi na fedha ya kanda mpya haipo, aliichukua iliyokuwa karibu. Kilichonusurika sasa kinaliwa na ukungu, utepe umegandana, na mashine za kuupiga zimekuwa adimu. Simu za leo zina sikio kali kuliko kanda, na zinaweza kuzipokea sauti hizi kabla hazijaisha. Kazi hiyo haihitaji bajeti, yahitaji redio kaseti moja nzima, waya, na Jumamosi chache.

Katika kanda nilizonunua mnadani ipo moja ambayo juu yake pameandikwa kwa kalamu jina la bendi ya dansi. Upande wa pili muziki unakoma kabla ya utepe kwisha, na baada ya kishindo cha kitufe inasikika sauti ya mwanamke mzee akisoma utenzi, kwa mahadhi ya polepole yanayopanda katika kipande cha tatu na kushuka kwa ghafula katika cha mwisho. Ni beti saba tu, ya kwanza imekatwa katikati. Nimewasikilizisha wazee wa Tanga na wa Pangani. Mmoja alisema yafanana na ya Mvita. Mwingine alikataa kabisa, akasema hayo ni ya kusini, na akaniomba niirudie tena.