Kubuti: Istilahi ya Hatua Isiyoonekana

Kubuti ni tendo la kompyuta kujipakia mfumo endeshi kwenye kumbukumbu yake ya kazi, baada ya umeme kuingia, hadi mfumo huo unaposhika usukani. Mafundi wana sentensi yao: "Inawaka, ila haibuti." Vitenzi viwili, hatua mbili, na kila hatua ina ugonjwa wake. Anayetafsiri istilahi hii kwa "kuwasha" anazichanganya hizo mbili, na sentensi ya fundi inakosa maana.

Neno lenyewe lina kisa. Kiingereza kina msemo wa mtu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, jambo lisilowezekana. Wataalamu wa kompyuta wa miaka ya 1950 waliuazima kwa sababu walikuwa na fumbo la namna hiyo: programu hupakiwa na programu nyingine, sasa ile ya kwanza ipakiwe na nani? Jibu likawa kijiprogramu kidogo mno, chenye ujuzi wa jambo moja tu: kwenda kumleta mkubwa wake. Buti za miguuni zilishaingia katika Kiswahili zamani, kwa hiyo kitenzi kilipokuja kilimkuta ndugu yake nyumbani.

Tazama kazi inavyopokezanwa. Umeme ukiingia, wa kwanza kuamka ni programu dhibiti iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Katika kompyuta zilizofuata mkondo wa IBM PC ya 1981, hiyo ni BIOS. Kwa mashine za karibuni ni UEFI. Hukagua RAM, kibodi na skrini, kisha hutafuta pa kubutia. BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na kutazama baiti mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA, kwa hesabu ya msingi wa 16, sekta hiyo inapewa zamu. Zisipokuwepo, diski inarukwa. UEFI haishughuliki na sekta hiyo: inatafuta faili katika kizigeu cha FAT32. Kwa njia yoyote ile, anayefuata ni kipakiaji, mathalani GRUB, naye hupakia kiini cha mfumo. Kiini ndicho kinachoanzisha huduma nyingine zote mpaka mtumiaji aone pa kuandika nywila.

Mpangilio huo una faida kubwa kwa mwenye kompyuta mpakato ya zamani. Chukua ThinkPad T420 ya 2011. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, pamoja na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. T420 ni ya kizazi cha 2. Lakini Linux Mint inaridhika na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni afadhali, kwa hiyo mashine hii bado ina maisha. Kinachobaki ni kuipiga mfumo mpya kwa flashi, na hapo ndipo inapogoma.

Ukibonyeza kitufe na taa zisiwake, usifikirie Linux. Angalia chaja, tundu lake na betri. Taa zikiwaka, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi huku mashine ikipiga milio, chomoa RAM, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, uirudishe. Hapo bado hatujafika kwenye kubuti.

Nembo ikitokea, bonyeza F12. Orodha inayokuja ndiyo orodha ya kubuti. Ikiwa flashi imo lakini ukiichagua haiendi kokote, mara nyingi faili la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, limenakiliwa kama unavyonakili wimbo. Faili liko ndani, lakini hakuna kipakiaji cha kupokea zamu. Flashi ya kubutisha huandikwa kwa programu maalumu, kama Rufus au balenaEtcher, inayoufungua mfumo na kuupanga panapostahili.

Kosa jingine limejificha zaidi. T420 inaweza kubuti kwa BIOS na kwa UEFI. Windows ya zamani ikiwa iliwekwa kwa njia ya BIOS, nawe ukabuti flashi kwa UEFI, Linux itasakinishwa vizuri tu, lakini GRUB haitaweza kuifungua ile Windows. Ukitaka mifumo yote miwili ikae pamoja, iweke kwa njia moja.

Kuna pia tatizo linalosingiziwa kubuti. Kibetri cha mviringo kinacholinda saa kikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Mfumo unabuti bila shida, lakini tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana kuwa vya siku zijazo. Kabla ya kumlaumu anayeuza bando, tazama saa.

Je, hakuna neno letu la kale la kuchukua nafasi hii? "Kuanzisha" ni pana mno. Watu huanzisha chama, ugomvi na programu yoyote. "Kuamsha" lina mvuto, ila tunalihitaji kwa mashine iliyofungwa kifuniko ikalala, kwa kuwa hiyo haibuti; inaendelea pale ilipoishia. "Kubuti" linabaki bila mshindani, tena linakubali sarufi yetu bila ubishi. Linafuata njia ya "kurudi": hairudi, haibuti, rudisha, butisha.

Wanaotafsiri menyu za programu wangefanya vyema kuacha "washa" na "zima" kwa kitufe cha umeme, na kuandika "buti upya" pale mashine inapoanza upya bila umeme kukatwa. Mtumiaji atajua kwa kusoma tu kwamba hahitaji kuchomoa waya wala kubonyeza kitufe; anahitaji kusubiri.