Kovu la Mjomba

Mjomba alipopata mkanda wa jeshi, mtaa ulipitisha hukumu: ana ukimwi. Miaka ya 90 nani alingoja kipimo? Malengelenge ubavuni yalitosha. Akapona. Baadaye vinundu vikaota palepale kwenye kovu, watu wakasema, si tuliwaambia?

Kumbe jambo hili lina historia yake. Mwaka 1955, Wyburn-Mason, daktari wa Uingereza, aliandika kuhusu saratani zilizoota mahali palipowahi kushikwa na malengelenge ya aina hii. Mwaka 1995 Ronni Wolf na wenzake wakalipa jina: ugonjwa mpya wa ngozi, usiohusiana na wa kwanza, unaotokea pale ule wa kwanza ulipopona. (Koebner, Mjerumani wa karne ya 19, alieleza kitu kingine: ugonjwa uleule kufuata jeraha.) Mara nyingi wa kwanza huwa mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hulala kwenye neva miaka mingi. Vikiamka huziharibu, na inadhaniwa kinga ya ngozi ya hapo huvurugika.

Mwaka huo wa 1995 madaktari walikuwa na jina. Sisi tulikuwa na letu. Mpaka leo mjomba havui shati mbele ya watu.