Kukonda kwenye picha, jana na leo

Jamani, tuzungumze kidogo kuhusu kukonda.

Siku hizi ukipita Nyakato, iwe kwenye jimu ya kisasa au ile ya uani ambako vyuma ni makopo ya saruji yaliyochomekwa kwenye bomba, utakuta vijana wanapigana picha. Si za kuuza sura. Mtu anasimama ukutani kifua wazi, mbele na ubavuni, na baada ya wiki nne anarudia palepale. Kisha anaziweka sambamba: kabla na baada. Kitambi kimepungua, wenzake wanamshangilia.

Mchezo huu ni wa zamani. Eugen Sandow, mzaliwa wa Prussia aliyejipatia jina Uingereza kwa misuli yake, alianzisha jarida la mazoezi mwaka 1898, na picha za mwili wake ziliuzwa kama njugu. Mwaka 1901 aliandaa shindano la miili pale Royal Albert Hall, London, na mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Kwa watu wa aina yake picha ilikuwa ushahidi. Kioo unakitazama kila siku, hivyo hakikuonyeshi ulikotoka.

Kwetu Kanda ya Ziwa, ushahidi huo ulikuwa na maana nyingine kabisa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Waganda waliuita ugonjwa huo Slim, yaani wembamba. Kagera waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuma enzi hizo. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Vipimo vilikuwa adimu, basi mtaa ukajifanya maabara, na kipimo chake kilikuwa macho.

Filamu nayo ilikuwa na picha 36 tu, kwa hiyo wengi walipigwa picha kwenye sikukuu na harusi. Kati ya picha moja na nyingine ilipita miaka. Mgeni akifunua albamu, akamtazama mwenye nyumba, akanyamaza, kila mtu alielewa: huyu kakanyaga miwaya. Huenda alikuwa na kisukari, kifua kikuu au mawazo tu. Hukumu ilishapita.

Oktoba 2004 serikali ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa ARV bure, na picha zikageuka. Sasa aliyekonda ndiye wa "kabla", aliyenenepa ndiye wa "baada". Mwili kujaa kukawa habari njema.

Lakini hofu ya kukonda haikuondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana uzito uliozidi, na karibu idadi hiyohiyo wana shinikizo la damu. Daktari anamwambia mtu apunguze kilo, naye anajiuliza majirani watasemaje. Wapo wanaobaki na kilo zao kwa kuogopa maneno. Maneno hayo yanaua polepole.

Ndiyo maana naziheshimu picha za vijana wa Nyakato. Albamu ya zamani iliruka katikati, na mtaa ukajaza pengo kwa uvumi. Picha za kila wiki nne zinaonyesha njia yote, na mwenye mwili ndiye anayesimulia. Ila apige mahali palepale, saa ileile, mwanga uleule, la sivyo kivuli tu kitamdanganya.

Na tukumbuke, picha haisemi sababu. Ukiona unapungua bila mazoezi wala kubadili chakula, weka simu mfukoni uende zahanati. Ukiona mwenzako kapungua, muulize hali kabla hujamhukumu.

Wewe je, ukiambiwa "umekonda", unaipokea kama pongezi au kama pole?

Nawakilisha.