Prosesa ya mnyonge: Kisa cha Celeron 300A na kompyuta za ex-UK za Boito

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, mwenye saiba anayetoka Boito kwenda Litein au Kericho kutafuta mashine haanzi tena kwa kuuliza RAM wala diski. Anauliza prosesa ni ya jenereshoni ya ngapi. Windows 11 inataka Intel ya jenereshoni ya nane kwenda juu, au Ryzen za mfululizo wa 2000 na zilizofuata. Dell OptiPlex 7010 na HP za rika lake, zile kompyuta nyeusi za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa tegemeo la shule na ofisi ndogo, zilitoka kiwandani na Core i5 ya jenereshoni ya tatu.

Tuchukue mbili. Core i5-3470 ya mwaka 2012 ina kore nne, inakwenda kwa gigahezi 3.2 na kupanda hadi 3.6. Core i3-8100 ya 2017 nayo ina kore nne, gigahezi 3.6. Kwa namba hizo ni ndugu. Lakini moja imefungiwa mlango, nyingine imekaribishwa ndani. Sababu za kiufundi zipo: ile ya 2017 inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa yake, na ina vifaa vya usalama ambavyo mwenzake hana. Hata hivyo, kwa mtu anayechapa mtihani wa kidato cha pili au kumjazia jirani fomu za KRA, tofauti hiyo ni vigumu kuiona kwa macho.

Fundi mmoja wa Boito, katika eneobunge la Konoin, ambaye ameifanya kazi hii tangu enzi za diski za flopi na hakutaka jina lake gazetini, haoni jipya katika haya. Anashikilia kwamba namba iliyoandikwa juu ya prosesa haijawahi kuwa maumbile. Ni uamuzi wa mwenye kiwanda, na zamani mnunuzi asiye na pesa aliweza kuupinga uamuzi huo. Kupinga huko ndiko kuovakloki: kuilazimisha prosesa ikimbie kupita kasi iliyouziwa. Ukimpa nafasi, mzee huyu atakusimulia historia yote ya kompyuta kana kwamba ilianza na kuisha mwaka 1998.

Haikuanzia hapo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikwenda kwa megahezi 4.77. Ile ya AT, ya 1984, ilikwenda kwa 6, na kasi hiyo ilitokana na kristali ndogo ya megahezi 12 iliyochomekwa kwenye madabodi. Watu waligundua kwamba ukiing'oa na kuweka ya 16, mashine inakwenda kwa 8 na mara nyingi haidhuriki. Kristali yenyewe ilikuwa kitu cha dola chache. IBM haikufurahi: katika mashine zilizofuata iliweka ukaguzi kwenye BIOS, na ikikuta saa inapiga upesi kuliko ilivyoruhusiwa, kompyuta inakataa kuwaka. Huo ndio ugomvi wa kwanza mkubwa kati ya muuzaji wa kasi na mwenye bisibisi. Kisha zikaja kompyuta za kuigiza zenye kitufe cha Turbo, ambacho kwa kweli kazi yake ilikuwa kuipunguza kasi ili programu za zamani zisichanganyikiwe.

Ili kuelewa ni kwa nini ujanja huo unawezekana, mtu wa Boito hahitaji kwenda mbali na kiwanda cha majani. Kutoka jani lile lile la shamba lile lile, chai huchujwa mwishoni ikawa BP1, PF1, PD na D1, kila daraja na bei yake mnadani Mombasa. Prosesa nazo hutoka kwa mamia kwenye sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa. Zinazovumilia kasi kubwa bila kupata joto jingi huandikwa namba kubwa, na zinazochoka mapema huandikwa ndogo. Ila kuna jambo moja ambalo mchujaji wa chai hawezi kulifanya. Soko likitaka prosesa za bei ya chini nyingi kuliko zile dhaifu zilizopo, kiwanda huchukua nzuri na kuzibandika namba ndogo. Nguvu inabaki ndani, haijalipiwa na mtu.

Sasa turudi 1998, maana fundi wangu hatuachi tupite.

Aprili mwaka huo Intel ilitoa Celeron ya kwanza ili AMD na Cyrix wasiwanyakue wanunuzi wadogo. Kwa kuogopa isije ikaila Pentium II, iliinyima kashe ya L2, yaani ile akiba ndogo ya kumbukumbu inayoiwezesha prosesa isisubiri RAM kila mara. Matokeo yakawa kitu goigoi, na wahakiki hawakukionea huruma. Intel ikajirekebisha. Agosti 24, 1998 ikatoka Celeron 300A. Kenya wakati huo ilikuwa katika matanga ya bomu la Agosti 7 jijini Nairobi, na sioni gazeti gani la hapa lingekuwa na nafasi ya habari za prosesa.

Safari hii Celeron ilipewa kashe ya kilobaiti 128, lakini ndani ya kipande kile kile cha silikoni, ikienda sambamba na prosesa yenyewe. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, mara nne zaidi, ila zilikaa nje, kwenye kadi, na zilikwenda kwa nusu ya kasi. Siku hiyo hiyo Intel ilitoa pia Pentium II ya megahezi 450. Kwa mnunuzi wa jumla, Pentium hiyo ilikuwa dola 669. Celeron 300A ilikuwa dola 149.

Hesabu iliyofuata ni ya darasa la nne. Kasi ya prosesa ni kasi ya basi la madabodi mara kizidishi. Celeron ilikuwa 66 na ushei mara 4.5, unapata 300. Pentium II ilikuwa 100 mara 4.5, unapata 450. Kizidishi ni kimoja! Intel ilikuwa imekifunga, hukuweza kukigusa, lakini basi liliamuliwa na madabodi, na madabodi zenye chipseti ya 440BX zilizotoka miezi michache kabla zilikuwa tayari zinalijua lile la 100. Kwa hiyo mtu aliinunua ya dola 149, akabadilisha 66 ikawa 100, na mezani akawa na mashine iliyokimbizana na ile ya dola 669. Katika michezo mingi hazikuachana.

Kampuni ya Abit ya Taiwan iliona mlango huo ukiwa wazi ikaingia. Madabodi yake ya BH6 ilikuwa na menyu ambamo ulichagua kasi ya basi na volti kwa kibodi, bila kuhangaika na jampa. Kwa wenye madabodi zilizojipangia zenyewe, ilipatikana dawa nyingine. Pini moja ya prosesa, B21, ndiyo iliyoiambia madabodi kwamba mimi ni wa 66. Ukiifunika kwa kipande cha utepe au tone la rangi ya kucha, inanyamaza, na madabodi inadhani imepewa ya 100. Fundi wangu anasimulia habari ya rangi ya kucha kwa furaha ya mtu aliyefika dukani kuiomba kwa aibu.

Zikaanza itikadi. Watu walitafuta zenye alama ya sL2WM, wengine wakaapa kwamba za Malaysia zinavumilia kuliko nyingine, wengine wakashika Costa Rica. Kulikuwa na ukweli kidogo humo, kwa sababu mafungu ya kiwanda hutofautiana, na bahati nyingi. Haikuwa kila moja iliyofika 450. Iliyoshindwa iliganda katikati ya kazi, au ikaleta skrini ya buluu Windows 98 ilipokuwa inafunguka. Hapo wengi waliongeza volti, kutoka 2.0 hadi 2.1 au 2.2, na hapo ndipo penye hatari. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, umeme unaoliwa huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Volti ikipanda kwa asilimia 10, unaongezeka kwa 21, kwa sababu katika hesabu hiyo volti huzidishwa kwa yenyewe. Joto lote hilo lazima litoke kupitia kipande cha alumini na feni moja.

Upande wa pili wa kisa hiki haupendezi, na wapenzi wa Celeron huuruka. Walikuwapo walaghai waliofuta maandishi ya prosesa, wakachapa namba kubwa zaidi na kuziuza kwa bei ya hiyo namba. Intel ilitaja wizi huo ilipoeleza kwa nini inafunga vizidishi, na siwezi kusema ilikosea. Anayeikimbiza mashine yake mwenyewe, ikiungua ni yake. Anayekuuzia ya 300 kwa jina la 450 amekuibia, na yule aliye mwisho wa mnyororo wa biashara, katika miji midogo ya nchi kama hii, ndiye asiye na wa kumlalamikia.

Mwaka 2000 uliendeleza mchezo kwa penseli. Prosesa mpya za Athlon na Duron, ambazo AMD ilizitoa Juni, zilikuwa na vidaraja vidogo juu ya uso wake, vilivyoitwa L1, vilivyokatwa kiwandani kufunga kizidishi. Unga wa penseli hupitisha umeme. Ukichora mstari mfupi juu ya kila kidaraja, kufuli linafunguka, na Duron ya megahezi 600 iliweza kukaribia 900 kwa waliobahatika. Huku kwetu ule ulikuwa mwaka wa ukame na mgao mkali wa stima, kwa hiyo tuseme penseli zilikuwapo, kilichokosekana ni mahali pa kuchomeka. Na Intel yenyewe, ikikimbizana na AMD, iliingia mtego wake: Pentium III ya gigahezi 1.13, iliyotolewa mwishoni mwa Julai, iliwashinda wahakiki akina Thomas Pabst na Kyle Bennett kuitumia bila kukwama. Kufikia mwisho wa Agosti kampuni ilikuwa imeirudisha kiwandani. Namba ilikuwa imevuka uwezo wa silikoni, na aliyeivusha hakuwa kijana mwenye penseli.

Yaliyofuata yanasimuliwa haraka. Oktoba 2004 Intel ilifuta Pentium 4 ya gigahezi 4, joto limeishinda, na mkuu wake Craig Barrett akapiga magoti jukwaani kuomba radhi. Kore zikaongezwa badala ya kasi. Januari 2011, pamoja na Sandy Bridge, saa ya basi ilifungwa pamoja na sehemu nyingine za mashine hata ukiisukuma kidogo kila kitu kinayumba, na uhuru wa kuovakloki ukawa bidhaa: lipa zaidi upate prosesa yenye herufi K mwishoni, kisha ununue na madabodi ya kuifaa. AMD iliacha Ryzen zake za 2017 wazi. Siku hizi prosesa hujikimbiza zenyewe kadiri joto linavyoruhusu, na hata hapo mambo huharibika: mwaka 2024 Intel ililazimika kuongeza miaka miwili kwenye dhamana ya prosesa zake za jenereshoni ya 13 na 14 baada ya nyingi kuyumba kwa kupewa volti kupita kiasi.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi iliyobuniwa na wasio na pesa imegeuzwa starehe ya wenye nazo. Boito ingekuwa mahali pazuri pa kuifanya. Joto la prosesa huanza kuhesabiwa kutoka joto la chumba, na asubuhi ya milima hii ya chai ni zawadi ambayo mtu wa Mombasa hulipia kwa kiyoyozi. Lakini OptiPlex ni mashine ya ofisi. Prosesa yake haina K, na BIOS yake haikupi menyu ya kasi wala volti. Stima nayo hupotea na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo shilingi ya ziada ni heri iende kwenye UPS.

Anachokifanya fundi wangu leo ni kinyume cha alichojifunza ujanani: anairudishia prosesa kasi yake halali. Anapuliza vumbi la murram lililoziba kipoza joto, anafuta pesti iliyokauka na kupaka mpya, anang'oa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, na kama mteja hana cha kununulia ya jenereshoni ya nane, anamwekea Linux. Mashine ya 2012 inapumua.

Na hapo ndipo ninapowalaumu wanaonunua kwa pesa za umma. Serikali ya Jubilee iliahidi laputopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na vifaa vilivyoanza kufika shuleni 2016 vilikuwa tableti. Katika kelele zote za miaka ile, nani alisikia mjadala wa prosesa gani imo ndani, au nani ataitengeneza ikiharibika? Hadi leo mwalimu mkuu anaweza kuitisha kompyuta kumi za "Core i5" akakoma hapo. Core i5 ya kwanza ilitoka 2009, kwa hiyo muuzaji akimletea ya 2012 hajavunja mkataba wowote. Namba inayofuata jina ndiyo inayosema: 3470 ni ya tatu, 8500 ni ya nane, 10400 ni ya kumi. Herufi ya mwisho nayo isome: T ni ya kula umeme kidogo na huwa na kasi pungufu, F haina sehemu ya picha na itakudai kadi nyingine. Iandikwe modeli nzima kwenye barua ya kuagiza, na siku ya kupokea mashine ziwashwe mbele ya anayezijua, dereva wa lori akiwa bado hajaondoka.