Nyasi za kikuyu: Zulia la nyanda za juu lililovuka bahari

Eldoret haihitaji kuagiza nyasi za viwanja kutoka ng'ambo. Nyasi za kikuyu, zijulikanazo kitaalamu kama Cenchrus clandestinus (zamani Pennisetum clandestinum), asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali zinapojiotea zenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa Afrika Kusini na Australia ziwe malisho ya mifugo. Leo zimetandazwa katika viwanja vya michezo vya nchi hizo, na hata katika uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, ambako zinasifika kwa kukaba fimbo ya mchezaji.

Neno clandestinum humaanisha kilichofichika: maua yake hujificha ndani ya majani, na kupata mbegu ni kazi. Ndiyo maana nyasi hizi hupandwa sana kwa vipande vya mashina. Mashina hutambaa juu na chini ya ardhi yakitoa mizizi kwenye pingili, hivyo njumu zikichimbua, pengo hujiziba. Ukoka nao hutambaa vivyo hivyo, ila hupenda joto. Mombasa utaufaa kuliko baridi ya usiku wa Eldoret.

Mbona basi uwanja hupata kipara mbele ya lango? Mara nyingi wa kulaumiwa ni udongo. Mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa umelowa hushindiliwa, nafasi za hewa huziba, mizizi hukosa oksijeni na maji ya mvua hutuama. Kupanda upya kabla ya kuutoboa udongo huo ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Uwanja kama wa Kipchoge Keino, ulioandaa mchujo wa Olimpiki mwaka 2016, hubeba mzigo zaidi, kwa kuwa ndani ya njia za wakimbiaji huchezwa soka na kurushwa mikuki.

Viwanja ghali hukwepa mfinyanzi kabisa. Utaratibu wa Chama cha Gofu cha Marekani, ulioanza mwaka 1960, huweka sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, na mabomba chini yake. Hata hivyo, mchanga haukai na maji wala mbolea. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kingedai unyunyiziaji ambao shule chache zinaumudu.

Msimu wa mvua huleta taabu nyingine. Kikuyu ikiachwa hurundika mashina makavu chini ya majani, uwanja ukawa kama godoro na mpira ukakataa kubingirika. Kanuni ni kukata mara kwa mara, bila kuondoa zaidi ya thuluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Wanaowaachia ng'ombe kazi hiyo huokoa petroli, lakini kwato hushindilia udongo kuliko njumu.